Skani yenye kontrasti kwa mgonjwa wa figo: mwongozo kamili kuanzia karatasi ya daktari hadi kipimo cha siku ya tatu

Mgonjwa wa figo anapoahirishiwa skani, mara nyingi mashine huwa nzima na umeme upo. Kinachomrudisha nyumbani ni jibu la kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya figo, la miezi minane iliyopita, au kinywa kikavu kwa sababu hajagusa maji tangu basi lilipoondoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jana usiku, au vidonge vya diklofenaki alivyonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo na ambavyo hakumtajia mtu yeyote. Nafanya kazi katika chumba cha skani, na makosa haya nayaona yakijirudia kwa watu makini wenye nia njema, ambao hawakuelezwa mapema wafanye nini.

Lipo kosa jingine, nalo linaniuma zaidi. Ni la mgonjwa anayekataa kontrasti kabisa kwa kuwa jirani alimwambia kwamba ile sindano inamaliza figo. Anapigwa picha isiyo na kontrasti, uvimbe hauonekani sawasawa, kisha anarudi baadaye ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Kontrasti ni dawa ya majimaji inayodungwa mshipani ili mishipa ya damu, viungo na uvimbe vionekane wazi kwenye picha. Ile ya skani ya CT, inayotumia mionzi, ina iodini, na ile ya MRI, inayotumia sumaku, ina madini ya gadolini. Zote mbili hutoka mwilini hasa kupitia figo na mkojo, ndiyo maana hali ya figo huulizwa kabla ya jambo lingine lolote. Kwa miaka mingi hatari ya kontrasti ya CT ilikadiriwa kuwa kubwa kuliko ilivyo. Mwaka 2020 vyama vya Marekani vya wataalamu wa radiolojia na wa figo vilitoa tamko la pamoja kwamba hatari hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba wanaostahili kulindwa hasa ni wale ambao figo zao zimeshuka sana au zimejeruhiwa ghafla. Kujua kama wewe ni mmoja wao ndiyo kazi ya hatua zifuatazo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka nyumbani

- Karatasi ya ombi la skani iliyoandikwa na daktari.
- Jibu la maabara la kreatinini lenye tarehe, na majibu ya zamani kama yapo.
- Kitabu chako cha matibabu, hata kama ni daftari la shule lenye kurasa zilizochakaa.
- Dawa zote unazotumia ndani ya mfuko mmoja, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na za mitishamba.
- Picha na CD za vipimo vilivyotangulia.
- Maji safi ya kunywa na chakula chepesi.
- Mtu wa kukusindikiza, hasa ukitoka mbali.
- Fedha ya kipimo cha pili cha kreatinini. Itenge leo, kwa sababu siku ya tatu baada ya skani mfuko huwa mtupu, na kipimo hicho ndicho wengi huruka.

## Hatua ya 1: Jua swali ambalo picha inatakiwa kulijibu

Muulize daktari waziwazi: "Musawo (daktari), picha hii inatafuta nini, na je, jibu linaweza kupatikana bila kontrasti?" Hilo ni swali la heshima, na daktari mzuri hulipokea vizuri.

Mawe ya figo huonekana kwenye CT bila kontrasti. Vivyo hivyo damu iliyovuja kichwani baada ya ajali ya boda boda, na mifupa mingi iliyovunjika. Figo iliyovimba kwa sababu njia ya mkojo imeziba huonekana kwa ultrasaundi, isiyo na mionzi wala sindano. Lakini damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, mshipa mkuu uliochanika, saratani iliyosambaa au usaha uliojificha tumboni huhitaji kontrasti, na kuikwepa ni kulipia picha isiyotoa jibu.

Tahadhari. Maisha yakiwa hatarini saa hiyo hiyo, usidai kipimo cha figo kwanza. Mtu anayevuja damu ndani kwa ndani hawezi kusubiri maabara, na daktari ana haki ya kuendelea.

Umefanikiwa ikiwa karatasi ya ombi imeandikwa swali kamili pamoja na maneno "ana ugonjwa wa figo". Karatasi iliyoandikwa "maumivu ya tumbo" tu haitusaidii kuchagua namna ya kupiga picha.

## Hatua ya 2: Pata kreatinini mpya, kisha uijue namba yako ya eGFR

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, ambayo figo huitoa kwenye damu. Ikipanda, ina maana figo zimepungua nguvu. Lakini peke yake inadanganya, kwa sababu mtu mwenye misuli mingi huzalisha kreatinini nyingi kuliko mzee aliyekonda. Ndiyo maana huingizwa kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia, na kutoa namba ambayo maabara huiandika eGFR, yaani makadirio ya mililita za damu ambazo figo husafisha kwa dakika.

Tazama mfano huu. Kijana wa boda boda mwenye miaka 25 na jajja (bibi) mwenye miaka 75 wamepata jibu moja, kreatinini ya 1.9. Kwa kanuni inayotumika tangu 2021, eGFR ya kijana ni karibu 50, na ya jajja ni karibu 27. Kijana anaweza kudungwa kontrasti ya CT bila maandalizi maalumu. Jajja anahitaji mazungumzo na daktari, dripu, na kipimo cha kurudia. Karatasi zao za maabara zinafanana, njia zao ni mbili tofauti kabisa.

Angalia pia kizio kilichotumika kuandika namba. Baadhi ya maabara huandika miligramu kwa desilita, na nyingine huandika mikromoli kwa lita. Ili kugeuza ya kwanza kuwa ya pili, zidisha kwa 88.4, hivyo 1.9 huwa 168. Nimewahi kuona familia ikilia kwa kuwa "figo zimetoka 2 zikafika 170", kumbe walikuwa wamebadilisha maabara tu.

Ukishapata eGFR, kwa CT yenye kontrasti mshipani isome hivi:

- 45 au zaidi: hatari inayotokana na kontrasti ni ndogo sana. Kunywa maji kama kawaida na uendelee.
- 30 hadi 44: kwa wengi ni salama. Daktari huangalia kama kuna mambo mengine, kwa mfano upungufu wa maji, moyo dhaifu au kontrasti nyingine ya siku chache zilizopita.
- Chini ya 30: hapa ndipo kinga inahitajika. Skani haijakatazwa, ila iamuliwe na daktari anayejua figo zako.
- Figo zilizojeruhiwa ghafla siku hizi, kwa namba yoyote: mhesabu mgonjwa huyu katika kundi la chini ya 30. Hesabu ya eGFR huchukulia kwamba figo zimetulia, kwa hiyo kreatinini inapopanda siku kwa siku, namba hiyo huonyesha hali nzuri kuliko ilivyo kweli.

Kipimo kisizidi siku 30. Ikiwa umelazwa, umeharisha, umetapika au umekuwa na homa kali, kiwe cha siku chache tu, kwa sababu figo hubadilika haraka mwili unapopoteza maji. Usingoje ufike Kampala ndipo upime. Pima katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako au maabara ya kuaminika iliyo karibu, ili namba ikiwa mbaya uijue kabla ya kupanda basi.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuitaja eGFR yako na tarehe yake bila kufungua daftari.

## Ukiandikiwa MRI badala ya CT

Usiichague MRI wewe mwenyewe kwa kuamini kwamba haina madhara kwa figo. Gadolini ina hatari yake: kwa wagonjwa ambao figo zimekaribia kusimama, baadhi ya aina za zamani zilisababisha ugonjwa unaokaza ngozi na viungo, na ambao hauna tiba ya uhakika. Uhusiano huo ulitambuliwa mwaka 2006. Aina zinazoshika gadolini kwa nguvu zaidi, kama gadobutroli na gadoterati, zina hatari ndogo mno hata eGFR ikiwa chini ya 30. Za kuepuka katika hali hiyo ni zile za zamani kama gadodiamidi.

Muulize rediografa, yaani mtaalamu anayekupiga picha, jina la dawa iliyopo siku hiyo na uliandike. MRI nyingi pia hujibu swali bila sindano yoyote.

## Hatua ya 3: Pitia mfuko wa dawa

Fanya hivi siku tatu kabla, pamoja na daktari au mfamasia. Mwaga dawa zote mezani, uzitaje moja baada ya nyingine.

Dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na ndugu zao hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mgonjwa wa figo hatakiwi kuzitumia hata siku za kawaida, sembuse siku za skani. Tatizo ni kwamba huuzwa kwa rejareja, vidonge vinne ndani ya kikaratasi kisicho na jina. Ukiwa na kikaratasi cha namna hiyo, kilete hivyo hivyo, tutavitambua kwa sura. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi.

Metformini, dawa ya kisukari. Hii haiharibu figo. Hofu ni kwamba figo zikishuka, dawa hujikusanya mwilini na asidi ikazidi kwenye damu. Ikiwa eGFR iko chini ya 30 au figo zimejeruhiwa ghafla, husimamishwa wakati wa skani na kwa saa 48 baadaye, na hairudishwi mpaka figo zipimwe. Mtu wa aina hii kwa kawaida hakupaswa kuwa akiitumia tangu mwanzo, kwa hiyo mkumbushe daktari wako wa sukari. Walio na eGFR ya 30 hadi 60 na ambao pia wana ugonjwa wa ini, moyo uliochoka, au wanaokunywa pombe kali ya waragi kila siku, wamweleze daktari, kwani nao huenda wakasimamishiwa.

Vidonge vya presha. Usiviache kwa uamuzi wako. Presha iliyopanda usiku wa kuamkia skani ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko kontrasti. Vile vya kukojoza, kama furosemidi, daktari anaweza kukwambia uviruke asubuhi hiyo. Subiri neno lake.

Mitishamba. Mululuza, mizizi ya kuchemsha, chupa za sokoni zisizo na maandishi: ziseme zote. Hakuna atakayekugombeza, na ukigombezwa mahali popote kwa jambo hilo, kosa si lako. Zipo zinazochosha figo, na hatuwezi kuzihesabia kama hatuzijui.

Tahadhari. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifunge kula huku akijidunga kipimo cha kawaida. Omba nafasi ya kwanza asubuhi na upewe maelekezo ya kipimo.

## Hatua ya 4: Ingia ukiwa na maji mwilini

Nawaelewa wanaosafiri usiku kutoka Arua, Kisoro au Moroto: hawanywi kwa sababu basi halisimami kila mtu anapotaka kujisaidia. Kisha wanafika asubuhi, wanaambiwa wasile, nao wanadhani hata maji yamekatazwa. Ikifika saa sita mchana wamemaliza saa kumi na sita bila tone. Figo dhaifu na kavu ndizo hasa zinazoumia.

Kama daktari hajakuwekea mpaka wa maji, siku moja kabla kunywa glasi moja kila baada ya saa mbili mchana kutwa, na endelea kunywa maji matupu asubuhi ya skani, isipokuwa uwe umeambiwa wazi usinywe. Ukiweza, safiri mchana na ulale kwa ndugu mjini.

Kwa eGFR iliyo chini ya 30, maji ya kunywa hayatoshi. Kinga inayotambulika ni dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, inayoanza karibu saa moja kabla ya skani na kuendelea saa 3 hadi 12 baadaye, kwa kiasi anachopanga daktari kulingana na uzito na moyo. Hii ina maana kwamba utahitaji kitanda. Kipange siku mbili mapema, usikiombe mlangoni. Usigharamie dawa ya asetilisisteini kama kinga: utafiti mkubwa wa PRESERVE, uliohusisha wagonjwa wapatao 5,000 na kuchapishwa mwaka 2018, haukuona faida yake, na dripu ya baikaboneti haikushinda maji ya chumvi.

Tahadhari. Ikiwa miguu imevimba, unapumua kwa shida ukilala chali, au una moyo uliochoka, maji mengi yanaweza kujaa kwenye mapafu. Usinywe kupita mpaka wako na usikubali dripu kabla daktari hajakusikiliza kifua.

Wanaosafishwa damu kwa mashine, wakiwemo wanaohudhuria hospitali ya Kiruddu, Kampala, hawahitaji kukimbizwa kwenye mashine mara tu baada ya CT. Zamu ya kawaida inatosha. Kwa MRI yenye gadolini, panga picha ifanyike muda mfupi kabla ya zamu hiyo. Anayeendelea kukojoa angalau kidogo aseme hivyo, maana mkojo huo uliobaki ni wa thamani na unastahili kulindwa.

Umefanikiwa ikiwa mkojo wa asubuhi ni wa rangi ya majani makavu iliyofifia. Ukiwa kama chai ya rangi, bado uko mkavu.

## Hatua ya 5: Sema mambo manne kabla ya kupanda mezani

Fomu nyingi ziko kwa Kiingereza, na foleni ni ndefu, kwa hiyo usitegemee kuulizwa. Sema mwenyewe, kwa Kiswahili au lugha yoyote mnayoelewana:

1. "Nina ugonjwa wa figo, na eGFR yangu ni kadhaa, ya tarehe fulani."
2. "Niliwahi, au sikuwahi, kupata shida baada ya kudungwa kontrasti." Kuwashwa au kuvimba midomo kwa sababu ya samaki hakukuzuii kudungwa. Pumu kali itaje.
3. "Dawa nilizosimamisha ni hizi."
4. "Mkono huu una fistula, usichomwe."

Hilo la nne ni la kushikilia kwa nguvu zote. Fistula hapa ni mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo; ni njia ya uhai ya anayesafishwa damu, na sindano moja ya haraka inaweza kuiharibu. Wengine hufunga kitambaa chekundu kwenye mkono huo. Ni wazo zuri. Mwanamke anayedhani ana mimba naye aseme hapa.

## Hatua ya 6: Sindano yenyewe

Utawekewa kanula, kimrija chembamba, kwenye mshipa wa mkono, mara nyingi ile yenye kifuniko cha waridi, kwenye kiwiko. Kwanza tunapitisha maji ya chumvi kuhakikisha njia iko wazi. Kisha mashine husukuma kontrasti, mara nyingi karibu mililita 100 kwa mtu mzima, ndani ya dakika moja hivi.

Utasikia joto likipanda kooni, likishuka kifuani na kukaa kati ya mapaja. Utahisi ladha ya chuma mdomoni, na utaapa kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Joto hilo hupita ndani ya dakika moja au mbili. Akina mama wengi huinuka kwa aibu wakati huo, picha ikaharibika, na kurudia kunaweza kumaanisha dozi ya pili. Tulia na ushike pumzi unapoambiwa.

Paza sauti mara moja ikiwa mkono unauma na kuvimba penye kanula, kifua kinabana, koo linakaza au ngozi inawasha. Baada ya skani, kaa hapo hapo dakika 30 kanula ikiwa mkononi, kwa sababu mizio mikali mingi hutokea ndani ya muda huo.

Umefanikiwa ikiwa unaondoka na CD ya picha, pamoja na jina la kontrasti, kiasi chake na tarehe vikiwa vimeandikwa kwenye daftari lako. Usipopewa, omba.

## Hatua ya 7: Kreatinini ya saa 48 hadi 72

Kontrasti ikiiumiza figo, kreatinini haipandi siku hiyo hiyo. Huanza kupanda baada ya siku moja au mbili, na mara nyingi hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano. Anayepima jioni ya skani na kufurahia jibu zuri amepima figo za jana. Kila mwenye eGFR chini ya 30, na kila aliyesimamishiwa metformini kwa sababu ya figo, apime kati ya saa 48 na 72, katika maabara ile ile iliyotoa jibu la kwanza, ili namba mbili zilinganishwe kwa haki. Kama siku hiyo utakuwa umesharudi nyumbani, panga vipimo vyote viwili, cha kabla na cha baada, vifanyike huko kwenu.

Kupanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita au zaidi ndani ya saa 48, au kufika mara moja na nusu ya jibu la kwanza ndani ya siku 7, kunahesabiwa kuwa jeraha la figo. Mwenye 1.9 aliyefika 2.0 atulie, kwani tofauti ndogo kama hiyo hutokea yenyewe. Aliyefika 2.4 ampigie daktari siku hiyo hiyo. Kwa walio wengi namba hurudi chini ndani ya wiki moja hadi mbili, ilmradi wasiongeze diklofenaki wala wasikauke maji.

Usisubiri siku ya tatu ikiwa mkojo umepungua sana, uso au miguu imevimba, pumzi zinakatika au unatapika bila kukoma. Nenda hospitali, na mfuko wako wa dawa uende nao.

Majibu yote mawili yaandike ukurasa mmoja na jina la kontrasti, la kabla juu na la baada chini yake, ili siku utakapoandikiwa skani nyingine rediografa aanzie hapo.